Filamu Imepotea, Bango Limebaki: Kumbukumbu za Sinema na Jukwaa za Wamarekani Weusi

Oktoba 1, 2023, Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington kilikabidhiwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji aliyefariki mwaka 1952. Hattie McDaniel ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza kushinda Oscar. Aliipata usiku wa Februari 29, 1940, kwa nafasi ya mjakazi aliyoicheza katika Gone with the Wind. Sherehe ilifanyika kwenye hoteli ya Los Angeles iliyokuwa haipokei Weusi. Ilibidi aombewe ruhusa ya kuingia, akaketishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake aliocheza nao. Kwa wosia wake tuzo ilikwenda Howard. Huko ikapotea, na mpaka leo haijulikani iliko. Iliyokabidhiwa mwaka 2023 ni mbadala uliotolewa na Akademi yenyewe, taasisi ya filamu ya Marekani inayotoa Oscar.

Habari kama hii ikishuka kwenye simu zetu, maswali hayakawii. Si labda mtu aliiuza? Kama inawezekana kutoa nyingine, ile ya kwanza ina nini cha ajabu? Na inakuwaje bango la sinema, karatasi iliyokunjwa mara nne, liuzwe mnadani kwa bei ya kiwanja? Halafu kuna wale wanaoona vinyago vya watu weusi wenye midomo mikubwa vikiuzwa kama "vitu vya kale" wakauliza kama navyo ni urithi. Maswali yote ni halali, tatizo ni kwamba yanatupwa kwenye kapu moja. Tuyatoe moja baada ya jingine.

Kwanza, tunazungumzia nini? Kumbukumbu za jukwaa na sinema ni vile vitu vyote vilivyotengenezwa kuzunguka onyesho, si onyesho lenyewe. Filamu ni filamu. Bango lililobandikwa nje ya ukumbi ili watu waingie kuitazama ndilo kumbukumbu. Humo mna kadi za picha zilizopangwa ukutani mahali watu wanaposubiri kuingia, programu aliyopewa mtazamaji mlangoni, vipande vya tiketi, picha zilizotumwa magazetini, nota za nyimbo zilizouzwa madukani, maleba, mikataba, barua, na miswada ya tamthilia yenye makato ya kalamu ya mwongozaji. Karibu vyote hivi vilitengenezwa vitumike wiki moja au mbili kisha vitupwe.

Kutupwa huko ndiko kunakopandisha bei. Chukua kadi ya mchango wa harusi. Zinachapwa mia tatu, kila mmoja anaijua, na harusi ikipita hakuna anayeitunza. Sasa fikiria baada ya miaka 80 albamu imeungua, video imeharibika, maharusi na wazee wa kamati wote wamekwisha kuzikwa, na kadi moja imekutwa ndani ya kitabu cha dini cha shangazi. Ina majina, ukumbi, tarehe na kiwango cha mchango. Kadi hiyo haikuongezeka uzuri hata chembe. Imebaki shahidi peke yake.

Kwa sinema ya Wamarekani Weusi, hivyo ndivyo ilivyokuwa, tena kwa kiwango cha kusikitisha.

Kuanzia miaka ya 1910 hadi kuelekea mwaka 1950, Marekani ilikuwa na tasnia nzima ya filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya watazamaji Weusi, zenye waigizaji Weusi. Zilionyeshwa kwenye kumbi za mitaa yao, makanisani, shuleni, na pengine usiku wa manane kwenye kumbi za Wazungu ambazo mchana hazikuwaruhusu, au ziliwaruhusu kukaa roshani tu. Inakadiriwa zilitengenezwa filamu kama 500. Zilizobaki hazifiki 100. Sababu si moja. Mkanda wa zamani ulikuwa wa nitrati, kitu kinachoshika moto upesi na ambacho hata kikiwekwa vizuri hujioza chenyewe polepole mpaka kikawa unga. Mitaji ilikuwa midogo, hivyo nakala za kila filamu zilikuwa chache, na hizohizo zikazungushwa mji hadi mji mpaka zikachakaa. Bodi za ukaguzi za miji na majimbo nazo zilikata vipande. Na zaidi ya yote, hakuna maktaba kubwa iliyoona kuna haja ya kuziweka.

Hapo ndipo anapoingia karani wa posta wa mji wa Omaha, George P. Johnson. Mwaka 1916 kaka yake, mwigizaji Noble Johnson, pamoja na wenzake walianzisha Lincoln Motion Picture Company, miongoni mwa kampuni za kwanza za filamu zilizomilikiwa na Weusi. George alishughulikia usambazaji huku akiendelea na kazi yake ya posta. Kampuni haikudumu, ilikufa mapema miaka ya 1920. Filamu zake karibu zote zimepotea. Kinachojulikana kubaki ni vipande vya By Right of Birth ya mwaka 1921. Lakini George alikuwa mtu wa kutunza karatasi. Alikata magazeti, akahifadhi barua, matangazo na hesabu, na hakuacha hata baada ya kampuni kufa. Mkusanyiko wake uko Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na mtu yeyote anayeandika habari za filamu za kipindi kile lazima aupitie. Humo mna hata barua alizoandikiana na mkulima mmoja wa South Dakota aliyekuwa ameandika riwaya. Kampuni ilitaka kuigeuza filamu, mwandishi akashikilia aiongoze mwenyewe, wakashindwana. Mkulima huyo akaenda akaitengeneza peke yake mwaka 1919. Jina lake Oscar Micheaux, na ndiye aliyekuja kuwa mwongozaji Mweusi mashuhuri kuliko wote wa enzi ile.

Filamu hiyo yake ya kwanza, The Homesteader, haipo tena. Ya pili, Within Our Gates ya mwaka 1920, ilihesabiwa imekufa mpaka nakala moja ilipopatikana Hispania, maandishi yake yakiwa ya Kihispania na jina limebadilishwa kuwa La Negra. Maktaba ya Bunge la Marekani ikaifanyia ukarabati mwaka 1993, na sehemu kubwa ya maandishi ikabidi itafsiriwe upya kuyarudisha kwenye Kiingereza. Filamu ya Mmarekani, kuhusu ubaguzi wa Marekani, ikapona kwa sababu mtu wa Ulaya hakuitupa. Mwaka 1983 nyingine kadhaa zikakutwa kwenye ghala huko Tyler, Texas. Uhai wa tasnia nzima umetegemea stoo za watu.

Kwa hiyo bango la filamu iliyopotea linamwambia mtafiti mambo ambayo hawezi kuyapata kwingine: nani aliigiza, nani alisambaza, filamu iliuzwa kama ya mapenzi au ya mapambano, nani alilengwa. Tazama mabango ya The Flying Ace ya mwaka 1926, iliyotengenezwa Jacksonville, Florida, na Richard Norman, Mzungu aliyejipatia riziki kwa kutengeneza filamu za watazamaji Weusi. Bahati nzuri filamu hii ipo. Shujaa wake ni rubani Mweusi aliyerudi kutoka Vita ya Kwanza ya Dunia. Ukweli ni kwamba jeshi la Marekani halikuwa na rubani Mweusi hata mmoja vitani humo. Lilikuja kuwakubali miaka ya 1940. Ndege ya kwenye filamu nayo ilipigwa picha ikiwa chini ardhini. Lakini bango halikujali. Lilimweka mtu Mweusi na ndege yake, likatangaza waigizaji wote ni Weusi, likabandikwa mitaani Kusini mwa Marekani wakati sheria zilimpangia mtu huyohuyo bomba lake la kunywea maji, mbali na la Wazungu. Ndiyo maana nasema anayeliita karatasi tu hajaliangalia.

Jukwaani hali ni ngumu zaidi, kwa sababu tamthilia haiachi hata mkanda wa kuoza. Pazia likishuka, kimebaki kilichoandikwa. Ira Aldridge, mwigizaji Mweusi, alizaliwa New York mwaka 1807, akaenda Uingereza akiwa kijana, na Aprili 1833 akacheza Othello, jemadari Mweusi wa tamthilia ya Shakespeare, katika ukumbi wa Covent Garden mjini London. Alizunguka Ulaya miaka mingi hadi alipofia Łódź, Poland, mwaka 1867. Sauti yake hatunayo. Tunayo matangazo ya kumbi, na matangazo hayo yalidai kwamba ni mzaliwa wa Senegal. Uongo mtupu, wa kibiashara: mwana wa Afrika aliuza tiketi kuliko kijana wa mhubiri wa New York. Mkusanyaji mzuri hatupi karatasi kwa sababu imesema uongo. Anauliza uongo ule ulimfaa nani.

Programu za jukwaa zina faida nyingine, zinapangika kwa tarehe. A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry, tamthilia ya kwanza ya mwanamke Mweusi kufika Broadway, yaani kumbi kubwa za maonyesho za New York, ilifunguliwa Machi 11, 1959 katika ukumbi wa Ethel Barrymore, Sidney Poitier akiwa mhusika mkuu. Baadaye mwaka uleule Poitier akaondoka na Ossie Davis akashika nafasi, kisha onyesho likahamia ukumbi wa Belasco. Programu mbili zinazofanana kwa mbali zinaweza kutofautiana ndani kwa jina moja na ukumbi mmoja, na tofauti hiyo ikabadilisha bei. Kabla ya Broadway lilijaribiwa New Haven, Philadelphia na Chicago. Programu za huko ni adimu zaidi, na wanunuzi wengi huzipita kwa kudhani zisizo za New York hazina thamani.

Sasa lile swali la vinyago. Karne ya 19 burudani kubwa ya Marekani ilikuwa Wazungu kujipaka masizi usoni na kuwaigiza Weusi kwa dhihaka. Kutokana nayo kulitoka mabango, nota za nyimbo, wanasesere na makopo yenye sura za kuchukiza. Hivyo ni vitu kuhusu Weusi, havikutengenezwa nao wala kwa ajili yao. Wapo wanaovikusanya kwa makusudi ya kufundishia. Makumbusho ya Jim Crow (jina la mfumo wa ubaguzi wa Marekani) ya Chuo Kikuu cha Ferris State, Michigan, yamejengwa juu ya kazi hiyo. Ila kuviweka fungu moja na bango la Micheaux ni kuchanganya tusi na jibu lake.

Ningependa mpaka ungekuwa safi hivyo. Bert Williams, mchekeshaji Mweusi aliyekuwa nyota mkubwa mwanzoni mwa karne ya 20, alijipaka masizi yeye mwenyewe, kwa kuwa ndivyo jukwaa lilivyomtaka Mweusi aonekane. Mwaka 1903 yeye na George Walker walipeleka Broadway In Dahomey, onyesho la muziki lililoandikwa na kuchezwa na Weusi, kisha wakalipeleka London mpaka Ikulu ya Buckingham. Jalada la nota za nyimbo za onyesho hilo linaweza kukukera na bado likawa ushahidi wa ushindi. Binafsi ningelitunza, na ningeandika maelezo marefu chini yake.

Tuje kwenye fedha na utapeli, maana hapo ndipo watu wanapolia.

Dhana ya kwanza ni kwamba cha kale ni ghali. Hapana. Filamu za ubabe za miaka ya 1970, kama Shaft ya Gordon Parks ya mwaka 1971 au zile za Pam Grier, Coffy na Foxy Brown, zilisambazwa kwa mapana na mabango yake halisi bado yapo mengi kiasi. Mtu wa kipato cha kawaida huko Marekani anaweza kuanzia hapo. Kinachopaa bei ni uchache, mahitaji na hali ya karatasi vikikutana.

Dhana ya pili, mikunjo ni kasoro. Mpaka kuelekea miaka ya 1980 mabango ya sinema ya Marekani kwa kawaida yalikunjwa kabla ya kutumwa kwenye kumbi. Bango la mwaka 1950 lisilo na mkunjo wowote ndilo la kuulizia maswali. Watengenezaji wa nakala wanalijua hilo, lakini huteleza. Wanapiga picha bango halisi, kwa hiyo mistari ya mikunjo inaonekana kwenye picha ilhali ukipitisha kidole karatasi ni laini tupu. Kagua na vipimo. Bango la kawaida la zamani lilikuwa inchi 27 kwa 41, na kadi za ukumbini inchi 11 kwa 14, mara nyingi seti ya nane. Ukiletewa "halisi ya 1954" yenye inchi 24 kwa 36, hicho ni kipimo cha mabango ya kupambia vyumba. Kisha azima lenzi ya sonara uangalie majina ya waigizaji. Kwenye chapa halisi herufi zina wino uliojaa na kingo kali. Kwenye nakala iliyotokana na picha, herufi zenyewe zimevunjika kuwa vitone.

Kuanzia karibu mwaka 1940 mabango mengi yalisambazwa na National Screen Service, ambayo iliweka namba chini pembeni: mwaka kwa tarakimu mbili, mkwaju (/), kisha namba ya filamu. Herufi R kabla ya mwaka maana yake filamu ilirudishwa kumbini upya. Hiyo si bandia. Ni karatasi halali ya zamani, ila si ya toleo la kwanza, na muuzaji asipokutajia usidhani amesahau. Vyeti vya uhalisia navyo visikutulize sana. Cheti huchapwa na mashine ileile iliyochapa nakala. Kinachosaidia zaidi ni historia ya kitu: kilikaa kwa nani, kilitoka ukumbi gani, kuna risiti au barua gani inayokifuata.

Jambo la tatu linawachanganya hata wanasheria wadogo. Kununua bango hakukupi haki ya picha iliyomo. Karatasi ni yako, unaweza kuiuza au kuirithisha, lakini kuichapa kwenye fulana ni habari nyingine, maana hakimiliki ina mwenyewe mpaka muda wake uishe. Oscar ina kanuni yake. Washindi wa tangu mwaka 1950 hufungwa na makubaliano kwamba wao au warithi wao hawataiuza bila kwanza kuipa Akademi nafasi ya kuinunua kwa dola 1. Tuzo ya McDaniel ni ya kabla ya hapo. Na kumbuka waigizaji wasaidizi wa enzi yake hawakupewa sanamu, walipewa kibao kidogo. Kwa hiyo atakayekuonyesha sanamu nzima akidai ndiyo ile iliyopotea Howard, mwache amalize chai yake aondoke.

Nani anavinunua? Watu binafsi, makumbusho na vyuo, na mara nyingi wa kwanza huishia kuwapa wa pili. Edward Mapp, mzaliwa wa Harlem, mtaa wa Weusi wa New York, alikusanya mabango ya filamu kwa miaka mingi kisha mkusanyiko wake ukaenda kwenye maktaba ya Akademi. Mwanahistoria James Hatch na msanii Camille Billops waligeuza makazi yao New York kuwa hifadhi ya tamthilia, wakarekodi na mahojiano ya wasanii; leo sehemu kubwa iko Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Hifadhi ya Separate Cinema, yenye vitu zaidi ya 37,000, ilichukuliwa na makumbusho ya Lucas ya Los Angeles. Wapo wanaolalamika kwamba taasisi kubwa zinafagia kila kitu na bei zinamkimbia mkusanyaji mdogo mtaani, ambaye ndiye alivitunza wakati taasisi hizohizo hazikuvitaka. Malalamiko hayo yana uzito. Lakini karatasi ya miaka 100 inahitaji chumba chenye ubaridi na ukavu wa kudumu, na si kila sebule ina hayo.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la mbali kama linavyoonekana. Paul Robeson, mwigizaji na mwimbaji Mweusi aliyejulikana duniani kote, alijifunza Kiswahili akiwa London miaka ya 1930. Mwaka 1935 alicheza Sanders of the River, na kati ya waigizaji wa ziada waliovalishwa kama watu wa kijijini alikuwemo mwanafunzi kutoka Kenya, Jomo Kenyatta. Robeson alikuja kuijutia filamu hiyo, maana ilivyotoka ilisifia utawala wa Waingereza. Picha ya tangazo la filamu hiyo ni kumbukumbu ya Wamarekani Weusi na ya Wakenya kwa mpigo, na inaudhi pande zote mbili. Miaka 22 baadaye Poitier naye alicheza Kimani katika Something of Value, filamu ya vita vya Mau Mau.

Kwa hiyo kama babu yako alifanya kazi kwenye ukumbi wa sinema, na stoo ina karatasi zake, kabla hujaita mnunuzi kuna moja la kuepuka. Usizipeleke steshenari kufanyiwa leminesheni. Najua tunaipenda, kila cheti cha kuzaliwa mjini kimepigwa hiyo. Joto na gundi vikishaingia kwenye karatasi havitoki, na kwa mkusanyaji kitu hicho kimekwisha. Selotepu vivyo hivyo. Bango likiwa limechanika liache lilivyo, liweke bapa ndani ya bahasha ya karatasi isiyo na asidi, mbali na ukuta wenye unyevu na dirisha lenye jua, na uandike kila unachokijua juu yake kwenye karatasi ya pembeni: lilikuwa la nani, ukumbi gani, mwaka gani. Nyuma ya bango lenyewe usiandike kitu, hata kwa penseli.